Duka la dawa za mifugo pale stendi: chanjo safi, pumba hapana

Nina kuku 23 wa kienyeji nyuma ya nyumba. Mwaka jana kideri kiliniachia watatu tu, kwa hiyo safari hii niliwahi chanjo yake, iitwayo I-2. Dada muuzaji aliitoa kwenye friji, akaifungia na barafu, akanionyesha jinsi ya kumlaza kuku kichwa: tone moja jichoni, subiri apepese, ndipo umwachie. Akasisitiza nirudie baada ya miezi mitatu. Jogoo alinikwaruza mkono, lakini hadi leo hakuna aliyezubaa.

Pumba zao sasa! Kufungua gunia nyumbani, katikati zimeshikana mabonge, zinanuka uvundo. Nilirudisha, wakanibadilishia huku wamenuna. Chanjo nitafuata kwao. Pumba nanunua mashineni.