Darasa la picha za sokoni Darajani, hapa unaambiwa ukweli

Kama unapenda kupiga picha sokoni na umechoka kuambiwa "kali sana mzee" kila ukiposti, hili darasa la wikiendi pale Darajani, Unguja litakufaa, nimeenda na nalipendekeza kwa moyo wote. Asubuhi mnazunguka kabla jua halijawa kali, soko lenyewe la tangu 1904 na mnada wa samaki upo humo humo, mchana mnakaa kuangalia picha moja moja kwenye leptopu.

Utaratibu wao ndo umenikosha. Mwenye picha anakaa kimya kwanza, wengine wanasema jicho linaenda wapi, ndo baadae anaeleza alikua anataka kuonesha nini. Dada mmoja alileta picha ya muuza samaki, mwalimu hakusema mbaya wala nzuri, alimwambia uso umezama kwenye kivuli cha turubai na ile ndoo nyekundu ya nyuma inavuta macho, ungesogea kushoto kidogo ndoo inajificha na mwanga wa pembeni unampata. Hayo ndo maoni, mtu anatoka na kitu cha kufanya kesho.

Pia wanasisitiza kumsalimia mtu na kuomba ruhusa kabla, na ukiahidi kumpelekea picha yake umpelekee kweli, mi naona hilo lingekua somo la kwanza kabisa.

Kasoro, watu wengi mno kwa mwalimu mmoja, picha za mwisho zinapitiwa haraka haraka, waongeze mwalimu. Kamera si lazima, simu inatosha ila chaji ijae.