Metacam kwa mbwa anayechechemea: uzoefu wangu na Tommy

Tommy ni German Shepherd dume. Alipofika miezi minane akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto, na hakuwa ameanguka wala kugongwa. Ukapona wenyewe, tukashukuru. Kisha ukaja wa nyuma, wa kulia, na safari hii asubuhi alikuwa anagoma hata kunyanyuka.

Daktari wa mifugo hakukimbilia kuandika dawa. Alikunja na kukunjua kila kiungo, Tommy katulia tu. Alipobonyeza katikati ya mfupa wa paja, mbwa akapiga ukelele na kugeuka kutaka kumng'ata. Picha ya eksirei ikaonyesha weupe kama wingu ndani ya mfupa. Akasema ni panostaitisi, maumivu ya mifupa mirefu yanayowapata mbwa wa aina kubwa wakiwa bado wanakua, hasa kati ya miezi 5 na 18, na German Shepherd ndio wanaoongoza. Huhama mguu hadi mguu, halafu huisha yenyewe. Kilichobaki ni kumpunguzia mateso, ndipo akatuandikia Metacam ya maji, dawa ya mbwa ya kutuliza maumivu na uvimbe.

Naipenda dawa hii. Ina ladha ya asali, kwa hiyo hakuna kumkaba mbwa mdomo. Unaitikisa chupa na kumchanganyia kwenye chakula. Kibomba chake kimeandikwa kilo za mbwa, unavuta hadi uzito wake. Siku ya kwanza dozi ni maradufu ya ile ya siku zinazofuata, kisha inashuka. Haikuchukua muda Tommy akawa anakuja getini kunipokea, na mimi nilifurahi sana kuliona lile mkia likizunguka.

Ubaya wake ni bei. Mbwa wa kilo 30 anaimaliza chupa ya mililita 10 kwa siku nne tu, hivyo kama daktari amekuandikia siku nyingi, ulizia chupa kubwa. Na maumivu yakipungua mbwa anataka kukimbiza kuku mchana kutwa. Mfunge kamba, mtembeze polepole.

Duka moja la dawa za mifugo lilitaka kuniuzia unga wa kalsiamu. Daktari alikataa katakata: Tommy anakula chakula maalumu cha watoto wa mbwa wakubwa, kalsiamu imo tayari, na ikizidi inaharibu ukuaji wa mifupa. Mbwa anayelishwa ugali na nyama tupu habari yake ni nyingine, huyo anaweza kuwa na upungufu kweli. Ndiyo maana nasema lipia uchunguzi kwanza.

Na jamani, msiwape mbwa dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofen au diclofenac, zinatoboa tumbo na kuua figo. Hata Metacam, mbwa akitapika, akiharisha au akitoa choo cheusi, acha mara moja na mpigie daktari. Usiichanganye na sindano za steroidi, zile dawa kali za kupunguza uvimbe.