Saa ya mezani ya 8,000: inalia mara mbili kwa siku, na nimeisamehe

Nimekaa na saa hii tangu mwezi wa pili, kwa hiyo ninayosema nimeyaona mwenyewe. Ni saa ya mishale, ya plastiki, ukubwa wa kiganja, inatumia betri moja tu, zile ndogo za rimoti. Nimeinunua hapa Tanga, Ngamiani, kwa kijana anayepanga saa, miwani na rimoti juu ya meza barabarani. Alianzia 15,000, tukamalizana kwa 8,000. "Mama, hii haikuangushi," akaniambia. Hilo tutalifikia.

Mtaniuliza, fundi cherehani mwenye simu anataka saa ya nini? Simu yenyewe ndiyo iliyonifikisha. Ilikuwa inalala kwenye mto wangu, ndiyo inayoniamsha. Nikiizima alfajiri kidole kinajikuta kwenye magrupu, na huko yupo mtu wa kutuma sauti za hamasa kila siku ya Mungu: amka, wenzako wameshajenga, wewe bado umelala! Nasikiliza tatu, nne, nikija kuinuka jua limeshatoka na mwili umelegea.

Na usiku nao sikuwa nalala. Mchana wangu ulikuwa unaliwa na wateja, vipimo, na wale wa "fundi, nipunguzie tu hapa kiunoni, nasubiri." Basi vitambaa nakata saa nne usiku, pembeni kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Kafeini ukiinywa, baada ya saa tano hivi karibu nusu yake bado inazunguka mwilini. Hilo nimekuja kulijua nyuma. Wakati ule nikisema tu nimerithi usingizi mbaya wa marehemu bibi.

Kilichonikata maini ni gauni la satini la harusi. Nimekata usiku, asubuhi napachika mikono, naona mbona huu wa pili unakataa? Nilikuwa nimekata mikono miwili ya kushoto. Kitenge ningekigeuza na asingejua mtu, lakini satini ina uso na mgongo. Kitambaa nikakilipa mwenyewe, tena rangi ile niliitafuta duka kwa duka siku mbili.

Sasa saa. Inakaa sebuleni juu ya cherehani, simu inalala kabatini. Mshale wa kengele nimeuelekeza kwenye 5, yaani saa kumi na moja yetu. Inaanza pole pole, pi... pi..., halafu inakazana mpaka baba Salma anajifunika mto usoni. Haina kitufe cha kuiambia ningoje kidogo. Utakwenda kwa miguu yako, na ukifika pale mkasi upo, meza ipo, nyumba imetulia. Chini yake nabana kikaratasi nilichoandika usiku: nguo ya leo ni ya nani. Naandika mtu, siandiki kazi. "Bibi harusi wa Barabara ya 15." Zile sauti za hamasa hazikuwahi kuniinua kitandani kama jina la mtu anayesubiri nguo yake.

Adhana ya alfajiri inanikuta macho. Nikishaswali nakata, na mpaka watoto wanadai chai magauni mawili yapo tayari kushonwa. Vifungo, pindo, kuchomoa nyuzi, hivyo nimevipa saa nane na saa tisa mchana, pale kope zinaponishinda. Nilikuwa nausingizia ugali. Kumbe hata ukila kidogo, mwili una saa yake yenyewe, na mchana hapo unashuka. Nguvu zangu ni zilezile za mwaka jana, ila mkasi sasa unazikuta hazijaguswa.

Kasoro zipo. Imeandikwa inang'aa gizani. Inang'aa dakika tano, baada ya hapo ni wewe na tochi yako. Inagonga tiki tiki, mwenye usingizi mwepesi asiiweke chumbani. Mshale wa kengele hauna vistari vya dakika, ukiusogeza utegemee itawahi au itachelewa dakika kumi hivi.

Na ile kubwa: siku ya kwanza nampima mteja kifua, saa ikaanza kulia. Mama wa watu akaruka na futi kamba yangu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Saa ya mishale haijui alfajiri wala jioni, mshale mfupi ukirudi kwenye 5 yenyewe inalia, mpaka uizime kwa nyuma. Wiki nzima nilikuwa naisahau, nikamlaani yule kijana kimoyomoyo. Halafu nikaiacha. Sasa ikilia ile ya jioni nafunika cherehani, nafagia vipande, nakaa barazani na shoga yangu, na mteja akija anaambiwa kesho. Kumi la mwisho la Ramadhani sikuitii, sisemi uongo. Lakini siku nyingine zote naitii, na tangu hapo sijakata kitambaa usiku.

Ukienda, usivuke 8,000. Na uchukue ya kijani. Nyekundu anayo shoga yangu, rangi imeanza kubabuka.