Vani gani ununue ukitaka kuigeuza ya kulala: mwongozo kwa wa Nakuru, Kisumu na magharibi

Ukitaka vani ya kulala safarini, pima sakafu kwanza. Mtu mzima anataka mita 1.9 nyuma ya viti vya mbele ili alale akiwa amenyoosha miguu, na wawili wanataka upana usiopungua mita 1.2. Gari likiwa na nafasi hiyo, kitanda, rafu na taa ni kazi ya seremala na fundi umeme wa mtaani kwako. Likiikosa, hata uliwekee sinki na mapazia ya bei, usiku wa pili mtakuwa mnatafuta gesti.

Jambo la pili ni mlima. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na katikati ni kupanda tu. Ukitoka Nakuru unakwea hadi Mau Summit. Hapo wa Kericho wanakata kushoto, wa Eldoret wanaendelea mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,500. Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Gari linaloteleza vizuri pale kwenye tambarare ya Ahero litahema Timboroa likiwa limebeba kitanda, maji na watu. Nimeipanga orodha hii kwa sakafu na mlima, kisha kwa urahisi wa kupata spea.

Kununua kuna njia mbili. Unaweza kuagiza Japani, na hapo sheria ya Kenya haikubali gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, mwisho ulikuwa magari ya 2018. Au unanunua lililokwisha kutumika hapa nchini. Huko ndiko bei nafuu iliko, na ndiko inakobidi ufungue macho.

1. Toyota HiAce ya mizigo

Nasema ya mizigo, yaani ile iliyokuja bila viti vya abiria ikabeba mikate, dawa au vifaa vya ofisi, na haijawahi kuwa matatu. Umbo hili lilianza kutengenezwa 2004. Ile ya kawaida ina urefu wa mita 4.7 hivi, na yenye viti vya mbele pekee inakuachia sakafu ya kama mita 3. Toa futi sita za kitanda, bado unabaki na zaidi ya futi tatu za kuweka vyombo, kukaa mvua ikinyesha na kuvulia buti zenye matope. Hakuna gari jingine kwenye orodha hii, isipokuwa la tatu na la saba, linalokupa nafasi hiyo.

Spea ndizo zinazoipa nafasi ya kwanza. Kila mji wenye steji una duka linalouza vya HiAce na mekanika anayeijua nje ndani. Gari likikuzimikia Chavakali Jumapili jioni, hilo litakuwa na maana kuliko kabati lolote.

Kuhusu injini, kwa milima yetu ningechukua dizeli ya tabo ya lita 3.0, kwa sharti moja: uisikie ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ukifika inua kiti, weka kiganja karibu na chuma. Kikiwa cha moto, mwambie utarudi kesho asubuhi na urudi kweli. Ikiwa baridi, iwashe mwenyewe, usikanyage mafuta, usikilize tu. Ikigonga kama nyundo na kutoa moshi kwa dakika kadhaa bila kutulia, nozeli (vipulizia vya dizeli) zimechoka, na nozeli nne za injini hiyo zinaweza kumeza pesa zote ulizotengea kitanda, godoro na umeme. Petroli ya lita 2.0 haina mashaka hayo. Inapanda polepole, basi.

Joto la injini hiyo hubaki ndani hata baada ya kuzima. Ukiegesha ufukweni Dunga, Kisumu, jioni, fungua milango yote saa nzima kabla ya kulala.

2. Toyota TownAce

Wengi wataishangaa hapa kwa sababu ni ndogo. Lakini tazama ni nani hasa husafiri: mtu mmoja, au wawili wanaotaka Ijumaa walale Ziwa Nakuru au Saiwa na Jumatatu gari hilohilo lipeleke bidhaa sokoni. TownAce ya umbo la 2008 kuendelea ina urefu wa mita 4 na kidogo tu, ilhali sakafu yake ikiwa na viti viwili mbele inapita mita 2. Unalala umenyooka kabisa. Inaegeshwa popote katikati ya mji na injini yake ya 1.5 haili mafuta.

Unachopoteza ni kimo. Ndani ni kama mita 1.3, kwa hiyo unakaa, husimami, na kitanda kikiwa juu sana hata kukaa kutakuwa taabu. Weka godoro karibu na sakafu. Kupika ni nje, chini ya mlango wa nyuma uliouinua, na turubai dogo likiwa limefungwa pembeni kwa sababu ya mvua ya alasiri ya Kakamega na Kericho. Usiijaze. Kila kilo unayoongeza utaihisi ukitoka Ahero kuelekea Kericho.

3. Nissan NV350 Caravan

Kwa vipimo ni ndugu wa HiAce: urefu uleule wa nje, sakafu ileile ya kama mita 3. Mara nyingi bei yake iko chini kidogo. Ningeipa nafasi ya pili kama ningekuwa nauza na kununua mjini tu, lakini ukitoka barabara kuu, spea zake huja na basi kesho yake badala ya kutolewa rafuni leo. Kwa anayepata nzuri yenye historia inayoeleweka, ni ununuzi wa busara kabisa.

4. Toyota Noah na Voxy

Hizi ni za familia ambayo haitaki gari la pili. Viti vya nyuma kabisa hukunjwa na kuinuliwa pembeni, na vinakula upana. Ndiyo maana napendelea kuvitoa kabisa na kuviacha nyumbani kwa safari, kisha kuweka fremu ya mbao inayoingia na kutoka. Hivyo bodi haibadiliki. Ubaya ni kwamba liko chini. Njia za ndani za Mlima Elgon baada ya mvua si zake.

5. Nissan NV200

Sakafu iko chini, kuingia ni rahisi hata kwa mzee, na injini iko mbele kabisa, kwa hiyo huletewi joto kitandani. Urefu wa sakafu ni kama mita 1.9, unatosha kwa wengi wetu. Lakini magurudumu yanayovuta ni ya mbele, na ukishaweka mizigo yote nyuma, mbele kunakuwa kwepesi. Mlima wenye matope utakushinda mahali ambapo TownAce inapita. Kwa lami, haina neno.

6. Mazda Bongo na Nissan Vanette za zamani

Bei ndiyo sababu pekee. Nyingi zilizobaki zimebeba mizigo miaka na miaka na kutu imeingia. Ukipata iliyotunzwa, ilinganishe na TownAce kuukuu kabla ya kutoa pesa.

7. Matatu iliyostaafu

Gari hili ndilo kila mtu atakalokutajia, maana Nakuru na Kisumu yamejaa, na nimeliweka mwisho kwa makusudi. Kwa macho ni HiAce ileile ya namba moja. Ukweli ni kwamba limeamka alfajiri kila siku, limebeba watu kumi na wanne na mizigo yao, na namba iliyo kwenye dashibodi haikwambii lolote.

Nenda na bisibisi nzito na tochi. Inua mkeka wa mpira, anzia kwenye kidato cha mlango wa pembeni. Hapo kila abiria ameingia na maji ya mvua viatuni. Kisha fuata mashimo ya boliti za viti, moja baada ya jingine, ukigonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa sauti ya kufa, na ukisukuma kwa ncha linaingia ndani au linamwaga unga mwekundu. Malizia juu ya magurudumu ya nyuma na kwenye shasi yenyewe kwa chini. Ukiona kiraka kipya cha kuchomelea kilichopakwa rangi nyeusi juu yake, uliza kinafunika nini. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu ni sababu ya kutosha kuondoka.

Halafu kuna madirisha. Yamezunguka gari zima: Kisumu jua linaingia kutoka kila upande, Molo baridi inaingia kutoka kila upande, na usiku mpita njia anaona kila kitu. Kuziba madirisha hayo vizuri ni gharama ambayo vani ya mizigo haina.

Mwisho ni karatasi. Matatu nyingi hununuliwa kwa mkopo, na logibuku huwa na jina la aliyekopesha pamoja na la mwenye gari. Tafuta taarifa za umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hata ya kujadili bei. Mtu akikuambia mambo ya mkopo yatamalizika wiki ijayo, rudi wiki ijayo.

Je, kuna la kununua? Lipo, kama shasi imepita mtihani wa bisibisi, logibuku ni safi, na bei imeshuka kiasi cha kulipia madirisha na bushi zote za chini.

Pesa zilizobaki ziende wapi

Kwanza kitanda. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4, milimita 18, ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo bao moja linatosha kitanda cha watu wawili. Lina uzito wa kama kilo 30, na ukilitumia pia kwa kuta na kabati utakuwa umejaza gari kabla ya kupakia chakula. Kata kitanda vipande vitatu ili uinue kimoja ufikie mizigo bila kung'oa godoro lote. Godoro la 4 kwa 6 la inchi 4, lile gumu lisilobonyea, linatosha.

Pili, hewa na neti. Watu wawili wakipumua usiku kucha ndani ya bati lililofungwa, alfajiri Molo maji yanadondoka kutoka darini hadi kwenye blanketi, na wengi hudhani gari linavuja. Acha madirisha mawili ya pande tofauti wazi kwa upana wa kidole, yote yakiwa na neti iliyoshonewa sumaku au velkro. Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima, kwa hiyo neti inakuja kabla ya taa, kabla ya mapazia, kabla ya yote. Soko la Kibuye, Kisumu, utapata neti na vitambaa vya kutosha, hasa Jumapili.

Kupika, meko ya gesi ya kilo 6 inatosha. Pika nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, pale pale unapolala, kwa hiyo mtungi ukilala ndani lazima kuwe na tundu la hewa chini, usawa wa sakafu. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya gari kabisa, hata likiwa limebaki majivu yenye joto, hata Timboroa iwe na baridi ya namna gani. Monoksidi kaboni haina harufu na haimwamshi mtu.

Umeme, hesabu kabla ya kununua. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 50 ina wati-saa 600, na ile ya kawaida ya risasi usiitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Taa mbili za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 50. Kuchaji simu mbili ni kama 30. Umebaki na akiba kubwa, na alternata itaijaza mkiendesha, mradi fundi aweke relei ya kuitenga na betri ya gari ili asubuhi gari liwake. Paneli ya sola na friji vinaweza kusubiri hadi ujue unasafiri namna gani.

Kabla fundi hajakata bati, kufunga dirisha jipya au kung'oa viti moja kwa moja, nenda ukaulize NTSA kuhusu ukaguzi na kubadilisha logibuku, maana aina ya bodi imeandikwa humo. Kisha iandikie kampuni ya bima barua ukieleza gari sasa ni la nini, na uombe jibu la maandishi.