Amoksilini-klavulaniki ya 625 na famasia iliyoniuzia bila karatasi

Baba mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 68, alivimba shavu kwa sababu ya jino lililooza, nami nikamnunulia vidonge 14 vya amoksilini yenye asidi ya klavulaniki katika famasia iliyo karibu na kituo chetu cha daladala. Kidonge kimoja kina miligramu 500 za amoksilini na 125 za klavulaniki, ndiyo maana huitwa 625. Dawa yenyewe siidai kitu, kwani siku ya tatu uvimbe ulikuwa umeshuka na mzee alikula ugali.

Ninacholalamikia ni namna ilivyouzwa. Kijana wa dukani alikata vidonge kwa mkasi, akavitia katika bahasha ya kaki, akaandika "1x2", basi. Karatasi ya maelezo, ile inayokunjwa hadi kuwa nene kama kiberiti, ilibaki kwenye boksi.

Wiki tatu hivi baada ya kumaliza dozi, mzee alianza kuwashwa mwili mzima usiku, mkojo ukawa kama chai ya rangi na macho yakaingia manjano. Nyumbani tulisema ni malaria. Daktari alipima ini, akatafuta virusi vya homa ya ini na mawe ya nyongo asivione, kisha akauliza ni dawa gani zilizotumika ndani ya miezi miwili, nasi tukamtolea bahasha tupu isiyo na jina la dawa. Heri nililikumbuka.

Alitueleza kwamba dawa hii huweza kuzuia mtiririko wa nyongo hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha, hasa kwa wanaume wazee, na kwamba inayoshukiwa zaidi ni klavulaniki, maana amoksilini peke yake hufanya hivyo kwa nadra zaidi. Utafiti wa Iceland uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria mgonjwa 1 kwa kila watumiaji 2,350. Ni wachache, na wengi hupona, kama mzee alivyopona baada ya miezi miwili ya kujikuna, ila haruhusiwi kuitumia tena maisha yake yote.

Dawa naipa nyota nne. Famasia, ingawa bei yake ni nafuu na haifungi mapema, naipa mbili. Juzi nilirudi kununua dawa nyingine, na kijana alipochukua mkasi nikamwomba anisomee kwanza karatasi.