Waendesha mazungumzo wa kukodi Mwanza: pesa yako inaenda wapi

Siku hizi Mwanza ukitaka kuwakalisha pamoja watu waliokosana kwa sababu ya rangi, asili au kabila, unaweza kukodi mtu wa kuifanya kazi hiyo kama unavyokodi turubai na viti. Wateja ni kamati za shule, jumuiya za dini, BMU za mialoni (vikundi vya jamii vinavyosimamia uvuvi kwenye fukwe za kupokelea samaki), wenye maduka ya mjini na ofisi za kata. Wanaoifanya ni wasaidizi wa kisheria, maafisa maendeleo wastaafu, walimu, wachungaji na masheikh waliopata mafunzo. Tathmini hii inaipima huduma yenyewe, na hukumu yetu tunaitoa mapema: kifurushi cha siku moja usikinunue. Kifurushi cha wiki tatu, ambacho ndani yake duara, yaani kikao chenyewe cha pande zote pamoja, linachukua alasiri moja tu, kinalipika.

Sababu ni vikao vya awali. Mwendeshaji anayeijua kazi huufuata kila upande kivyake, watu wanne hadi sita, huko huko waliko, kwa muda wa saa moja na nusu. Anauliza mambo matatu: neno gani linakuuma, lilitokea nini, na unataka kibadilike nini. Bila vikao hivyo, siku ya duara ndiyo inayogeuka kuwa kikao cha awali. Watu wanamwaga ya moyoni, jua linazama, kila mmoja anarudi kwake na kidonda kilichofunguliwa.

Mjini Mwanza kuna maneno mawili ambayo mwendeshaji asipoyajua historia yake atapotea: mizani na nyumba. Mzee wa Kisukuma akitamka "mizani" mbele ya mfanyabiashara mwenye asili ya Asia, hasemi habari ya kilo za leo. Anasema habari ya pamba, ya wakulima waliolalamika kwamba wanunuzi, wengi wao wenye asili ya Asia, waliwapunja kwenye kupima. Malalamiko hayo ni miongoni mwa yaliyouzaa ushirika wa kanda hii chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Mfanyabiashara naye akisema "nyumba", anakumbuka mwaka 1971, serikali ilipotunga sheria ya kutwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Waliopoteza majengo wengi wao walikuwa wenye asili ya Asia, na familia nyingi ziliondoka nchini. Wajukuu wa pande zote mbili wamerithi hasira bila kurithi maelezo. Mwendeshaji bora huyaleta yote mawili mezani kabla hayajarushwa kama mawe, tena kwa mwaka na kwa sheria, bila kupima msiba wa nani ni mkubwa zaidi.

Angalia pia anavyofungua kikao. Akianza na "leo tunazungumzia ubaguzi wa rangi", atajibiwa na duara zima kwamba hapa hakuna. Kwa wengi maneno hayo ni ya Afrika Kusini ya makaburu, na sisi Mwalimu Nyerere alishatumalizia. Anayejua huuliza swali dogo: dukani kwako, nani haitwi kwa jina lake? Hapo ndipo linapotoka "boi", linaloitwa mtu wa miaka hamsini mwenye wajukuu. Linatoka "golo", tusi kwa Mwafrika, linalosemwa nyuma ya kaunta, linatoka "gabacholi", tusi kwa mwenye asili ya Asia, linalosemwa mbele ya kaunta. Mialoni linatoka "wa kuja", analoitwa mvuvi aliyezaliwa hapo hapo ila baba yake alitoka ng'ambo ya ziwa.

Wapo watakaojitetea kwamba ni utani. Utani una sheria yake: mtani hujibu. Msukuma na mtani wake wakitukanana msibani, wote wana ruhusa. Mpakia mizigo hawezi kumrudishia tajiri anayemlipa jioni, kwa hiyo hapo utani haupo. Mwendeshaji asiyeweza kueleza tofauti hiyo kwa sentensi mbili ataliacha duara zima lijifiche nyuma ya kicheko.

Neno "haki" nalo lina mtego wake, kwa sababu Kiswahili kinalibebesha mizigo miwili. Mmoja anaposema "nataka haki yangu" anamaanisha mshahara wa miezi miwili. Mwingine anaposema "haki itendeke" anamaanisha mtu aadhibiwe. Timu nzuri humuuliza kila anayelitamka: haki gani, ya nani, ya lini?

Mazungumzo yanayohusu ualbino yanahitaji maandalizi ya pekee, na hapa ndipo vifurushi vingi tunavipunguzia alama. Duara la namna hii haliwekwi chini ya turubai lenye nusu kivuli saa sita mchana. Ngozi isiyo na melanini ya kutosha inaungua, na macho yanaumizwa na mwanga mkali. Mwenye ualbino akae dirisha likiwa mgongoni kwake. Projekta ya ukutani haimsaidii, kwani uoni wake mara nyingi ni hafifu. Achapiwe karatasi yenye herufi kubwa na kukolea. Aulizwe faragha kama anakubali kupigwa picha, na jibu la hapana lisiombewe sababu. Neno "zeruzeru" lisitumiwe na mwendeshaji hata kwa kulielezea.

Tena mwendeshaji ajue sayansi yake, kwa kuwa kisa cha kawaida ni mama aliyeambiwa na wakwe kuwa amezaa na mzungu. Aina za kawaida za ualbino hurithiwa kwa baba na mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa weusi kabisa na kila mmoja akawa amebeba kinasaba hicho, na kila mimba ikawa na nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ualbino. Maelezo hayo yakitolewa na muuguzi aliyealikwa, akayasema mbele ya baba mkwe, yanafanya kazi kuliko hotuba kumi za upendo.

Hesabu ya duara ni rahisi, na ajabu ni wangapi wanaikosea. Watu 14, kila mmoja dakika 2, ni dakika 28 kwa mzunguko. Mizunguko mitatu ni dakika 84. Ongeza ufunguzi 20, chai 20 na ahadi 45, umekaribia saa tatu. Ukifika watu 20 wanaanza kusinzia, na wale watatu wanaosema kila mahali ndio hao hao watakaosema. Panapotakiwa mkalimani wa Kisukuma kila dakika inakuwa mbili, kwa hiyo punguza watu wawe 8. Mkalimani asiwe ndugu wa upande wowote wala mwenyekiti wa mtaa. Maikrofoni haihitajiki, humgeuza kila mtu kuwa mwanasiasa. Darasani ondoa madawati na ukodi viti vya plastiki, vyote vya aina moja.

Siku nayo ichaguliwe kwa akili. Ijumaa mchana, Jumamosi ya Wasabato na Jumapili zimeshakwenda. Inabaki katikati ya wiki, saa nane hadi saa kumi na moja. Mwaloni una kalenda yake nyingine kabisa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na kulala asubuhi, kwa hiyo kikao kiwekwe siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika. Timu iliyokupangia mwaloni tarehe bila kuutazama mwezi haijawahi kufika mwaloni.

Mgeni rasmi? Hapana. Akialikwa atachelewa saa moja, atawekewa meza kuu yenye kitambaa, atahutubia dakika arobaini juu ya mshikamano, na wote watapiga makofi kwa lile walilokuja kulibishia. Ofisi ya mtaa ipelekewe barua mapema, mwenyekiti apewe muhtasari baadaye. Inatosha.

Posho ndiyo inayoharibu zaidi. Wakilipwa asubuhi baada ya kusaini, nusu wanaondoka kabla ya chai. Wakilipwa kwa cheo, diwani akapata bahasha nene na mchuuzi wa samaki akapata nyembamba, umeshawafundisha usawa kwa vitendo. Kinachofaa ni nauli, kiwango kimoja kwa wote, kitangazwe tangu kwenye mwaliko na kilipwe mwishoni.

Chakula ni kidogo kwenye ankara ila kinaweza kuvunja kikao. Kambale hapiti kwa Msabato, nyama ambayo hujui nani kachinja haipiti kwa Mwislamu, na baadhi ya Wahindu hawali nyama wala samaki kabisa. Wali, maharage, mchicha na ndizi vinamlisha kila mtu kutoka sufuria moja, na kula sufuria moja ni sehemu ya kazi.

Sasa mipaka. Ukimweleza mwendeshaji kwamba mtoto mwenye ualbino ametishiwa, au kibibi ameitwa mchawi na mlango wake umepigwa mawe, jibu sahihi ni polisi, siku hiyo hiyo. Akikubali kulifanya duara, mkimbie. Jinai haisuluhishwi kwa chai. Ubaguzi ulio ndani ya ofisi ya umma una njia yake: Katiba, ibara ya 13, inakataza kubagua mtu kwa kabila, pahala alipotokea, rangi, dini au hali ya maisha, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Mwanza inayopokea malalamiko. Mgogoro wa ardhi hupitia baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Zikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Mwendeshaji mwaminifu atakueleza hayo hata kama anaipoteza kazi.

Mwisho wa duara tunataka kuona ahadi tatu, zisizidi, kila moja na jina la mwenye kuitenda na tarehe. "Tutaheshimiana" siyo ahadi. Ahadi ni mwenye duka kuwaandikia wapakiaji wake mikataba kabla ya tarehe fulani na kubandika majina yao ukutani. Ni mwalimu mkuu kumruhusu mwanafunzi mwenye ualbino kuvaa kofia pana na shati la mikono mirefu, na kumkalisha mbele, mbali na mng'ao wa dirisha. Ni BMU kuondoa swali la "umetoka wapi" kwenye fomu ya kujiandikisha mwaloni.

Kabla ya kusaini mkataba, muulize mwendeshaji nani atarudi siku ya 30 kuzikagua ahadi hizo, na utake jina la mtu. Ziara ya siku ya 90 nayo iandikwe, bila turubai wala chai, na asilimia 20 ya malipo ibaki mkononi mwako hadi ziara hiyo ifanyike.