Miwani ya kinga kwa mafundi wa Lamu: ipi ununue kwanza

Pita mtaa wa Mkomani nyumba ikitengenezwa, utakuta mafundi watano na miwani moja, nayo imo mfukoni mwa msimamizi. Mara nyingi si ubahili. Ilinunuliwa ya aina moja kwa kazi zote, ikaingia ukungu, fundi akaivua akamrudishia msimamizi, na mfukoni ndimo inamokaa hadi jioni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize: kwenye kazi hii kinaruka nini? Jiwe la matumbawe likichongwa hutoa vibanzi na vumbi, chokaa huruka matone, grinda hutupa cheche na vipande vya diski.

Bei sitaitaja, maana hubadilika kila mzigo unapovushwa kutoka Mokowe, upande wa bara. Tazama alama. Miwani ya kweli huandikwa kwenye kioo na kwenye fremu: EN 166 kwa kipimo cha Ulaya, au Z87 kwa cha Marekani, na Z87+ ikiwa imepimwa kwa kugongwa kwa nguvu. Kwenye ile ya Ulaya tafuta herufi. F maana yake kioo kilipigwa na gololi ndogo ya chuma ikienda mita 45 kwa sekunde kikahimili. B ni mita 120. Sasa, diski za kawaida za grinda zimewekewa kikomo cha mita 80 kwa sekunde ukingoni. Linganisha mwenyewe ni herufi gani inayomfaa mtu wa grinda. Isiyo na alama yoyote iache dukani, hata muuzaji akiapa.

Ya kwanza kwangu ni miwani ya ukanda, ile yenye mpira unaoshika uso pande zote. Kama fedha zinatosha aina moja tu, nunua hii, hasa kwa wapiga lipu ya chokaa na wachonga mawe. Angalia matundu yake ya hewa. Yakiwa wazi, ukaona mwanga moja kwa moja, tone la chokaa nalo litapita hapo hapo; taka yaliyofunikwa kwa vikofia. Kwenye fremu, namba 3 ni kinga ya matone, 4 ni vumbi zito, 5 ni vumbi jembamba na gesi. Fremu yenye 3, 4 na B inatosha kazi nyingi za ujenzi hapa. Kwa joto la Lamu, tafuta pia herufi N kwenye kioo, yaani kimepakwa dawa ya kuzuia ukungu. Usipoipata, sabuni ya vyombo kidogo ikipakwa ndani na kufutwa kwa kitambaa laini husaidia kwa muda.

Nasisitiza chokaa kwa sababu imenipata. Nilikuwa napiga lipu kwenye dari ya chumba cha ndani, nimevaa miwani nyepesi, tone likaingia kwa pembeni. Asidi nyingi hugandisha nyama ya jicho juu juu zikazuiliwa hapo. Chokaa huiyeyusha na kuendelea kuzama ndani. Mwenzangu alinilaza kwenye baraza akanimwagia maji nusu saa nzima, akiniinua kope kutoa chembe zilizobaki, ndipo tukaenda hospitali. Kwa hiyo kwenye orodha ya manunuzi ongeza dumu la maji safi lenye bomba, likae pale pale penye kazi, lisitumiwe kukorogea udongo.

Ya pili ni hiyo miwani nyepesi yenye vikinga vya pembeni. Bei yake ndogo, haichoshi, na fundi wa nakshi anaweza kuivaa kutwa nzima akiinamia mlango. Kwa patasi, tezo, misumari na msumeno wa mkono inafaa vizuri. Kule Matondoni mtu anayechonga mbao za jahazi hahitaji zaidi ya hiyo. Ila akianza kupaka deheni, yale mafuta ya kupaka chombo yaliyochanganywa na chokaa, arudi kwenye ya ukanda.

Ya tatu, ngao ya uso. Watu huipenda kwa kuwa ni kubwa, wakadhani imetosha peke yake. Haitoshi: vumbi na vibanzi huingia kwa chini na pembeni. Ivae juu ya miwani unapokata kwa grinda, nayo itakuokoa mashavu na meno.

Miwani ya wavu haiingii ukungu, lakini chokaa na vumbi hupita kama uduvi kwenye jarife. Ya jua na ya kusomea hazimo kabisa kwenye hesabu. Kioo chake kikivunjika, vipande vinaelekea jichoni. Mwenye miwani ya daktari anunue ya ukanda iliyo pana, aivae juu yake.

Kuchomelea ni kazi ya peke yake. Kwa weldi ya umeme kioo cha maski kiwe na giza la namba kati ya 9 na 13, kulingana na nguvu ya umeme; kwa gesi, 5 hivi. Miwani ya jua hata iwe nyeusi vipi haifai. Mionzi ya urujuanimno huunguza jicho bila kuumiza papo hapo, maumivu yakaja usiku kama mchanga uliojaa machoni, na msaidizi aliyesimama kando huyapata pia. Chini ya maski vaa miwani nyepesi, maana ukishainua maski kugonga magamba ya weldi ndipo yanaporuka.

Kwa mwenye kandarasi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga, na miwani imetajwa humo. Si zawadi ya sikukuu. Nunua moja kwa kila mtu, kwa sababu ya kuazimana husambaza macho mekundu. Jioni ioshe kwa maji baridi kwanza. Ukiifuta kavu, vumbi la mawe na chumvi ya bahari vitaikwaruza. Ukimwona fundi anakunja shingo kutafuta pa kuonea, hiyo ibadilishe.